Sumaku inazuia umeme? Inategemea imeelekea wapi

Kaa nusu saa kwenye kijiwe cha mafundi simu Mwanjelwa, Mbeya, utasikia sumaku ikisingiziwa karibu kila kitu. Dira ya simu inadai Mlima Loleza, ulio kaskazini mwa Jiji la Mbeya, uko kusini: sumaku hiyo. Taa ya ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge kwa breki, imewaka kwenye gari lililotoka gereji jana: sumaku. Uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zimekwisha kabla ya wiki kwisha: hapo lazima atokee mjuzi wa kusema kwamba sumaku ikibandikwa mahali fulani umeme "unabanwa". Anayembishia naye mara nyingi hana hoja iliyo bora, maana husema sumaku ni sumaku, umeme ni umeme, havikutani.

Vinakutana, tena kila siku, lakini kwa namna ambayo mjuzi wetu haitegemei. Kwenye waya wa shaba, sumaku ya kawaida haibadilishi ukinzani kwa kiasi ambacho mtu atakiona kwenye mita yake. Kwenye metali chache za aina ya pekee inaubadilisha, na metali hizo zikitandazwa kuwa utando mwembamba sana badiliko hilo linapimika kwa urahisi. Linalowashangaza wengi ni kwamba kinachopimwa hapo ni mwelekeo. Utando haujali sana sumaku yako ni kali kiasi gani. Unajali usumaku ulio ndani yake umeelekea wapi ukilinganisha na njia ya umeme.

Tuweke maneno sawa kwanza, kwa sababu ubishi mwingi unazaliwa hapo. Mkondo wa umeme ni elektroni zinazosogea ndani ya metali. Ukinzani ni jinsi metali inavyozikwamisha, na hupimwa kwa omu. Elektroni haziendi kwa mstari ulionyooka hata siku moja: zinapotoshwa njia na mtikisiko wa atomu, na uchafu uliochanganyika, na kasoro za mpangilio wa metali yenyewe. Kadiri zinavyopotoshwa mara nyingi ndivyo ukinzani unavyopanda. Kwa hiyo swali lolote kuhusu ukinzani linarudi kwenye swali moja: ni nini kinaipotosha elektroni, na mara ngapi?

Kisha kuna uga na kuna usumaku, na hivi viwili vinachanganywa sana. Uga wa sumaku uko nje: ni ile nguvu iliyotanda kuizunguka sumaku, au kuuzunguka waya wenye mkondo, au kuizunguka Dunia. Usumaku, kwa maana nitakayoitumia hapa, uko ndani ya metali: ni upande ambao atomu zake, kila moja ikiwa kama sumaku ndogo, zimeelekea kwa pamoja. Uga wa nje unaweza kuugeuza usumaku wa ndani. Hiyo ndiyo kazi yake yote katika habari hii.

Utando ni tabaka la metali lenye unene wa nanomita makumi kadhaa. Nanomita 1 ni milimita 1 iliyogawanywa mara milioni, na unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita.

Metali zenye tabia

Katika joto la kawaida, metali safi ambazo atomu zake hujipanga upande mmoja bila kulazimishwa ni chache, na tatu ndizo zinazotajwa siku zote: chuma, nikeli na kobalti. Shaba haimo. Alumini, fedha na dhahabu hazimo. Hata kuwa na chuma ndani si tikiti ya kuingia: baadhi ya vyuma visivyoshika kutu havivutwi na sumaku, na chuma kilicho kwenye damu yako hakina tabia hii hata kidogo, jambo ambalo wauza bangili za sumaku hawalitaji.

Ndani ya kipande cha chuma, atomu hujipanga kwa vikoa. Ndani ya kikoa kimoja zote zinatazama upande mmoja, kikoa cha jirani kinatazama kwingine, na kwa jumla vinafutana. Ndiyo maana msumari mpya haunasi msumari mwenzake. Ukisogeza sumaku karibu, vikoa vilivyoelekea upande unaotakiwa vinapanuka, vingine vinageuka, na msumari wote unakuwa na mwelekeo mmoja.

Sisi wa huku nyanda za juu kusini tuna kipande cha aloi (mchanganyiko wa metali) ya namna hii ambacho hakikuyeyushwa na binadamu. Kimondo cha Mbozi, kilichoko sasa Mkoa wa Songwe, ni takriban asilimia 90 chuma na karibu asilimia 9 nikeli. Dira ikisogezwa karibu na donge la chuma la tani zaidi ya kumi ni lazima iyumbe, na hapo hahitajiki mganga wala mizimu. Hata miamba ya volkano ya Rungwe, yenye chembe za madini ya chuma, inaweza kuipotosha dira kwa kiasi mahali pengine. Aloi inayotumika sana kwenye tando za kupimia ina metali hizohizo mbili za kimondo, ila uwiano umepinduliwa: nikeli karibu asilimia 81, chuma 19. Inaitwa pamaloi. Uwiano huo una sababu. Hapo aloi hairefuki wala kufupika inapogeuzwa usumaku, kwa hiyo kuibana au kuikunja kidogo hakuivurugi, na uga mdogo tu unatosha kuigeuza.

Sasa mjuzi wa LUKU ajibiwe, maana ameshasubiri vya kutosha. Nyaya zinazoingia nyumbani kwako ni shaba au alumini. Hazina vikoa, hazina usumaku wa kugeuza. Ipo athari nyingine ndogo ambayo uga mkali huipa metali yoyote kwa kupindisha njia za elektroni, lakini kwa sumaku ya kutoa kwenye spika, katika joto la kawaida, ni ndogo mno hata haistahili mazungumzo. Na hata kama ukinzani wa waya ungepanda kwa asilimia 2 au 3, matumizi ya pasi yako yasingeonekana kubadilika, kwa sababu ukinzani wa waya ni sehemu ndogo sana ya ukinzani wote wa mzunguko. Kuchezea mita ni kosa la jinai, hilo linajulikana. Kisichojulikana sana ni kwamba baadhi ya mita za kielektroniki zina sensa, yaani kifaa cha kuhisi, ndani iliyowekwa makusudi kutambua sumaku iliyosogezwa karibu.

Ungo kwenye upepo

Aliyeliona jambo hili kwanza ni William Thomson, ambaye baadaye dunia ilimwita Lord Kelvin. Mwaka 1857 alitangaza matokeo ya vipimo vyake vya chuma na nikeli: ukinzani ulipanda umeme ulipopita sambamba na usumaku, ukashuka ulipopita kwa kuukingama. Tofauti ilikuwa ndogo sana, na kwa vyombo vya wakati huo kuiona tu ni kazi ya mtu mvumilivu. Hakujua sababu. Asingeweza kuijua, kwa sababu elektroni yenyewe ilikuwa bado haijagunduliwa.

Sababu, kwa lugha ya leo, ni hii. Usumaku wa atomu ya nikeli unatokana na elektroni zake za ndani kiasi, ambazo kila moja ina tabia ya kujizungusha kama pia. Elektroni hizohizo zimetanda kama wingu kukizunguka kiini cha atomu, na wingu hilo si duara kamili. Kujizungusha kwa elektroni na umbo la wingu lake vimefungamana, japo kwa kamba dhaifu. Ukiugeuza usumaku, wingu nalo linageuka kidogo. Na elektroni zinazosafiri, zile za mkondo, zinakutana na wingu lililobadilisha uso.

Chukua ungo. Utoboe katikati na upitishe kijiti kisimame wima juu ya uso wake. Kijiti ndio mwelekeo wa usumaku, ungo ndio wingu la atomu, na upepo unaovuma ndio mkondo. Kielekeze kijiti upande uleule upepo unakokwenda: uso wote wa ungo unaukabili upepo, na mkono wako unasukumwa. Kigeuze kijiti kikingame upepo: sasa upepo unakutana na ukingo mwembamba tu, unapita. Elektroni hupotoshwa zaidi usumaku ukiwa sambamba na njia yao, na hupotoshwa kidogo ukiwa umekingama.

Wengi wakiambiwa jambo hili kwa mara ya kwanza hutegemea kinyume. Wanafikiri atomu zikipangwa kuelekea njia ya umeme zitaufungulia njia. Akili inasema hivyo, vipimo vinakataa, na ungo unaonyesha kwa nini. Unaonyesha pia jambo la pili: ukikipindua kijiti kabisa, ncha ya mbele ikawa ya nyuma, ungo unabaki na uso uleule kwa upepo. Usumaku ukielekea mbele au nyuma, ukinzani ni ule ule. Utando huu haujui kaskazini na kusini vya sumaku. Unajua pembe tu. Hili litatusumbua tukifika kwenye simu.

Ila ungo usiutumie kupigia hesabu. Mawingu ya kweli yamepindika kidogo sana, na tofauti ya ukinzani kwenye utando wa pamaloi ni asilimia 2 au 3 hivi. Kanuni yake inaandikwa kwa mraba wa kosaini ya pembe iliyo kati ya mkondo na usumaku. Tuseme utando una omu 1,000 usumaku ukiwa umekingama na omu 1,020 ukiwa sambamba. Pembe ikiwa nyuzi 30 utapata omu 1,015. Kwenye nyuzi 45 utapata 1,010, yaani katikati kabisa. Kwenye nyuzi 60, omu 1,005.

Zitazame namba hizo vizuri. Kutoka nyuzi 30 hadi 60 zinaondoka omu 10, nusu ya tofauti yote. Lakini karibu na 0 au 90 unaweza kuugeuza usumaku nyuzi kadhaa na mita isione kitu: nyuzi 5 kutoka kwenye usambamba zinapunguza chini ya omu 0.2. Sensa nzuri inatakiwa ikae pale kwenye nyuzi 45, mahali ambapo badiliko dogo la pembe linaleta badiliko kubwa la ukinzani. Tatizo ni kwamba utando ulio katika umbo la ukanda hupenda usumaku wake ulale kwa urefu, sambamba na mkondo, mahali pabaya kuliko pote.

Wahandisi walilitatua kwa ujanja ninaoupenda kuliko yote katika habari hii. Badala ya kupigana na usumaku, waliugeuza mkondo. Juu ya ukanda wa pamaloi wanalaza vipande vya alumini kwa mshazari wa nyuzi 45. Alumini inapitisha umeme vizuri zaidi, kwa hiyo umeme unaruka kutoka kipande hadi kipande kwa njia ya mkato, na njia hiyo ya mkato imeinama nyuzi 45 kwenye pamaloi. Usumaku umelala unapotaka, na pembe inayohitajika imepatikana. Zaidi ya hapo, sensa sasa inajua kama usumaku umegeukia kushoto au kulia, kwa sababu upande mmoja unapandisha ukinzani na mwingine unaushusha.

Kwa nini iwe nyembamba hivyo

Swali la haki: kwa nini kuhangaika na nanomita, si tuchukue tu kijiti cha pamaloi tukipime? Hesabu inajibu. Ukanda wa pamaloi wenye urefu wa milimita 1, upana wa mikromita 10 (mikromita 1 ni nanomita 1,000) na unene wa nanomita 25 una ukinzani wa takriban omu 1,000. Asilimia 2 yake ni omu 20, hata mita ya bei rahisi ya fundi redio inaiona. Sasa chukua kijichembe cha aloi hiyohiyo chenye urefu, upana na kimo cha milimita 1. Ukinzani wake hauzidi omu 0.0003. Asilimia 2 ya hapo ni kitu ambacho hata mguso wa nyaya za mita yako unakifunika.

Wembamba unasaidia kwa njia nyingine pia: usumaku unalazimika kulala bapa ndani ya utando, kwa hiyo unageuka kama mshale wa saa badala ya kuinuka na kuzama ovyo. Lakini kupunguza unene bila kikomo hakufai. Utando ukizidi kuwa mwembamba, elektroni zinagonga juu na chini ya utando wenyewe, ukinzani wa msingi unapanda, na ile asilimia inayotokana na pembe inazidi kushuka.

Adui mkubwa wa kipimo hiki ni joto. Ukinzani wa pamaloi hupanda kwa asilimia 0.25 hadi 0.3 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Fikiria gari linaloondoka Kyela, karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, likapanda kupitia Tukuyu hadi Uyole na Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi. Aliyewahi kuifanya safari hiyo mwezi Julai anajua sweta huvaliwa wapi. Joto likishuka nyuzi 15, ukinzani wa sensa unashuka karibu asilimia 4. Hiyo ni zaidi ya badiliko lote ambalo usumaku unaweza kuleta, hata ukigeuzwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Kwa sensa yenye ukanda mmoja, baridi ya Isyonje, njiani humo, ingeonekana kama sumaku imegeuka.

Dawa yake wanafunzi wa sekondari waliowahi kufanya mazoezi ya fizikia wanaijua: daraja la Wheatstone. Zinawekwa kanda nne badala ya moja, zimeungwa kama pande nne za mraba, na alumini yake imeinamishwa pande tofauti. Usumaku ukigeuka, mbili zinapanda na mbili zinashuka. Baridi ikija, zote nne zinashuka pamoja, na kwa kuwa daraja linapima tofauti tu, baridi inajifuta. Si yote, masalio yapo, lakini sehemu kubwa inaondoka. Ukilipatia daraja hilo volti 5, kila ukanda ukibadilika asilimia 1, unapata milivolti 50.

Hapa niweke tahadhari kwa wanaosoma habari za teknolojia. Kuna ndugu wa jambo hili wanaotajwa kana kwamba ni yeye. Mwaka 1988 Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja na wenzake, walipima tabaka za chuma zilizotenganishwa na kromi nyembamba na kukuta ukinzani unategemea kama usumaku wa tabaka mbili jirani umeelekea upande mmoja au unapingana. Katika baridi kali, vipimo vya kundi la Fert vilionyesha ukinzani ukishuka karibu nusu. Walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2007. Pale kinachoamua ni mwelekeo wa tabaka moja kwa nyingine, njia ya umeme haina neno. Wapo pia wa kizazi cha baadaye zaidi, ambapo elektroni hupenya tabaka lisilopitisha umeme. Diski za kompyuta zilipitia njia hiyo: vichwa vya kusomea vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilitumia utando wa Thomson, kisha kuanzia 1997 wa Fert na Grünberg ukachukua nafasi. Utando wa zamani haukufa. Ni rahisi kuutengeneza, na pale panapohitajika kupima pembe bado unaajiriwa.

Simu, na taa ya ABS

Dira za simu hazifanani. Nyingine zina sensa ya Hall, ambayo ni kanuni tofauti kabisa, nyingine zina utando kama huu, nyingine wale ndugu zake. Lakini zote zinatafuta kitu kimoja: uga wa Dunia, ambao ni dhaifu. Duniani kote uko kati ya mikrotesla 25 na 65 (tesla ni kipimo cha ukali wa uga), na Tanzania tuko upande wa chini wa kiwango hicho. Tena huku kusini mwa ikweta ya sumaku uga huo haulali bapa. Unatoka ardhini ukielekea kaskazini huku ukiinuka. Ndiyo maana simu inapima pande tatu kwa mpigo na kutumia sensa nyingine kujua imeshikwaje.

Weka simu hiyo kwenye kava lenye sumaku ya kufungia. Sumaku ya kava, sentimita chache kutoka kwenye sensa, ina uga unaoumeza ule wa Dunia mara nyingi. Sensa haijaharibika. Inakuambia kweli tupu kuhusu sumaku ya kava lako. Muumini anayetafuta kibla kwa simu anaweza kuligundua haraka: kutoka Mbeya kibla ni kaskazini, ikiegemea mashariki kwa nyuzi kama 12, na programu ikimwelekeza Tunduma, kava ndilo la kushtakiwa kwanza.

Kuchora nane hewani kwa simu ili dira ikae sawa nako kumezungukwa na imani. Wapo wanaodhani wanaichaji dira. Ukweli ni kwamba simu yenyewe ina sumaku ndani, ya spika kwa mfano, na sumaku hiyo inageuka pamoja na simu, wakati uga wa Dunia haugeuki. Simu ikizungushwa pande nyingi, programu inaona ni sehemu gani ya kipimo inabaki ileile daima, inaitoa, na kinachobaki ni Dunia. Kava likikaa palepale siku zote, nalo linaweza kutolewa hivyo, ilimradi sumaku yake si kali mno. Ukifungua na kufunga kila dakika, simu inapoteza hesabu.

Utando una udhaifu mmoja wa pekee. Nilisema haujui mbele na nyuma. Sumaku kali ikisogezwa karibu inaweza kuupindua usumaku wake au kuuvunja kuwa vikoa vilivyoelekea ovyo, na vipimo vikawa vya upande usio wake. Kwa hiyo sensa nyingi za aina hii zina koili ndogo ndani inayopitisha mkondo mkali kwa muda mfupi sana na kuupanga upya usumaku. Picha na namba za simu zako haziko hatarini hata kidogo, maana kumbukumbu ya simu haihifadhiwi kwa sumaku. Kilichofutwa na sumaku enzi zile ni kanda za kaseti na diski laini, na hofu ya zamani imehamia kwenye simu.

Gereji ndiko elimu hii inakolipa. Sensa za mwendo wa gurudumu ziko za aina mbili kubwa. Ya zamani ni koili yenye sumaku, inayotazama pete ya meno. Inazalisha volti yake yenyewe kila jino likipita, na volti hiyo inategemea kasi. Malori mengi bado yanazitumia. Mwendo ukishuka sana, kama lori lililosheheni linapojikokota kwenye mlima wa Kitonga, volti inakuwa ndogo hata kompyuta ya breki inashindwa kuitenganisha na kelele. Aina mpya, iliyo kwenye magari mengi madogo ya miaka ya karibuni, hupewa umeme na gari, na ndani yake mna sensa ya Hall au utando wa pamaloi. Inasoma mwelekeo wa uga, si kasi ya kubadilika kwake, kwa hiyo inasoma hata gurudumu likisogea taratibu kabisa.

Kwa magari mengi ya aina hii mpya pete ya meno haipo tena. Badala yake beringi ina mkanda mweusi upande mmoja, unaoonekana kama sili ya mpira. Mkanda huo umejaa sumaku ndogo zilizopangwa kaskazini, kusini, kaskazini, kusini. Beringi ikipigwa kinyume, inaingia vizuri, gurudumu linazunguka bila kelele, na taa ya ABS inawaka, kwa sababu sumaku zimetazama upande ambao sensa haipo. Mwenye gari anauziwa sensa mpya, taa inabaki.

Kabla ya kuipiga beringi, sogeza pini ya karatasi kila upande. Upande unaoinasa kidogo ndio unaotakiwa kuitazama sensa. Usijaribu kwa sumaku ya spika, na usiilaze beringi kwenye trei ya sumaku ya kushikia bolti: mkanda ukishavurugwa mpangilio wake, hakuna koili ndani ya gari ya kuupanga tena, na beringi hiyo itabidi ibadilishwe.